Chai ya Shemeji

Mavyaa wangu huwaita wajukuu zake kwa namna walivyoingia duniani. Wa kwanza ni wa Mafuriko, wa pili ni wa Kafyu, wa tatu ni wa Kisu. Chakula kikiiva huwaita hivyo hivyo, na wote huitika. Mgeni akishangaa atasimuliwa yote: nani alizaliwa wapi, nani alimwachia mamake nyuzi, nani alitolewa kwa kupasua. Mimi mwenye tumbo huwa jikoni, nasikia mwili wangu ukisomwa barazani kama taarifa ya habari ya saa moja.

Wa Mafuriko alikuja Mei 2018. Sisi watu wa Garsen na vijiji vya delta tunaweza kufurika bila tone la mvua kuanguka kwetu, kwa kuwa maji ya Tana hutoka Mlima Kenya na Nyandarua yakatufikia sisi wa mwisho, yakiwa yameshapata hasira za watu wote njiani. Mwaka ule yalimeza migomba, mpunga na nyumba. Tulihamia kwenye mwinuko, tukalala chini ya maturubai, na uchungu ukanishika huko huko. Mkunga alikuwa bibi mmoja aliyepoteza mbuzi zake asubuhi ile, na bado akaja. Alimweka mtoto kifuani pangu na maji yake, hajamfuta vizuri, kitovu bado hakijakatwa. Mtoto akaanza kujikokota, kidogo kidogo, kichwa kikigonga huku na huku, hadi akaifikia chuchu mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja ya kwanza. Yule wangu hakungoja kushauriwa.

Mavyaa ndiye aliyetaka kuharibu. Alikuja na kikombe cha maji ya sukari, akasema yale maziwa mazito ya manjano ni uchafu uliolala, yakamuliwe na kumwagwa hadi meupe yaje. Mkunga hakuinua hata kichwa. "Wewe umewahi kuona ndama akanyimwa dang'a akaishi?" Mavyaa alikulia kwenye mashamba ya mpunga na miembe, ng'ombe haendi nao sana, akawa hana jibu. Yale maji ya sukari akayanywa yeye.

Wa Kafyu hana kisa kirefu. Ni mwaka 2020, polisi wako barabarani, hakuna kutoka usiku, na tumbo langu ndilo lilikuwa kibali cha bodaboda. Nilijifungua hospitalini kwa njia ya kawaida, nikashonwa kidogo, nikanyonyesha nimevaa barakoa. Kwa miezi kadhaa nilijiuliza kama yule mtoto anajua kwamba nina mdomo.

Hao wawili sikuwahi kujiuliza kama nawapenda. Swali lilikuja na wa tatu.

Ilikuwa mwishoni mwa 2022, ukame umeshika mwaka baada ya mwaka. Mifupa ya ng'ombe ilikuwa imetapakaa njiani, na mto uliotufukuza 2018 ulikuwa umejikunja chini kabisa ya kingo zake. Mtoto akakingama tumboni. Uchungu ulikuja, ukakaa, haukuzaa kitu, na mwisho nikapakiwa kwenye ambulensi kwenda Malindi, zaidi ya kilomita 100, nikihesabu matuta kwa meno. Mpango wa serikali wa Linda Mama ukalipa, Mungu awalipe na wao. Nilipigwa ganzi ya mgongo, nikapasuliwa macho makavu, nikisikia madaktari wakizungumzia mpira.

Siku hizi kupasuliwa si ajabu. Utafiti wa taifa wa 2014 ulikuta kama watoto 9 katika kila 100 nchini wamezaliwa kwa upasuaji. Ule wa 2022 ukakuta 17. Lakini mavyaa hasomi tafiti. Kwake yeye mwanamke aliyepasuliwa ni mwanamke aliyechoka kusukuma.

Niliposhonwa nilikuwa natetemeka baridi, siwezi kumshika mtoto. Sista akatoka mlangoni akamwita baba watoto na kumwamuru avue shati. Mume wangu ni mtu wa heshima zake, fundi mashine wa pampu za maji, hajawahi kukaa kifua wazi mbele ya wanawake wasio wake. Alivua huku akitazama ukuta. Wakamlaza mtoto kifuani pake, ngozi kwa ngozi, wakawafunika kwa blanketi. Ni jambo la maana, kwani joto la baba nalo ni joto na mapigo ya moyo wa baba nayo ni mapigo, mtoto hutulia. Huyu alitulia, kisha akafanya kama kakake alivyofanya chini ya turubai: akaanza kujikokota. Akatafuta, akapata, akashika. Ukelele wa mume wangu niliusikia kule ndani nikiwa nusu nimekufa ganzi. Sista akamtoa mtoto kwa kidole kimoja na kumwambia, "Pole baba, huko kwako pambo tu."

Kisha wakaniletea mimi. Nikamtazama nikakosa la kumwambia. Wa kwanza nilikuwa nimemlilia, wa pili nimemchekea. Huyu nilimkagua vidole, nikashukuru, nikataka kulala. Hakuna aliyenionya kwamba inaweza kuwa hivyo, na kwamba mapenzi nayo yana wanaokuja nayo mkononi na wanaoyafuata baadaye kwa miguu. Nilinyamaza. Kwetu mzazi hasemi jambo kama hilo, ataambiwa ana shetani.

Maziwa nayo yakachelewa. Sista alinieleza vizuri, na maelezo yake nimeyashika hadi leo: kinachoamsha maziwa ni kondo la nyuma kubanduka. Likishatoka, mwili hupata habari kwamba mtoto yuko nje, na haujali katokea mlangoni au dirishani. Kwa hiyo aliyepasuliwa ana maziwa sawa na aliyesukuma. Ila maumivu, hofu, dripu nyingi na kutenganishwa na mtoto huyachelewesha, na dawa ya hayo ni kumnyonyesha mara kwa mara hata kama unaona hakuna kinachotoka. Tumbo la siku ya kwanza ni dogo, matone yale ya dang'a yanamtosha. Nikafanya. Yakaja siku nimeshakata tamaa, yakalowesha kanga mbili.

Laiti kisa kingeishia hapo. Lakini nilirudishwa Garsen, na Garsen alikuwapo mavyaa na sufuria la maji ya moto.

Nyumba yetu ina sheria za arobaini. Mzazi anakandwa, anafungwa mkaja, anakunywa uji wa pilipili manga hadi masikio yatoe moshi. Uji sina ugomvi nao. Nilimwambia, "Mama, huku chini kuna kidonda, wamesema kisiguswe maji." Akasema kidonda ndicho hasa kinachotaka kukandwa. Nilikuwa nyumbani kwake, nimelala kitandani kwake, na nguvu za kubishana nilikuwa nimeziacha Malindi. Akakanda, akafunga mkaja akikaza kwa goti. Homa ikanipanda, kidonda kikaanza kutoa maji, na nikarudishwa njia ile ile ya matuta, mto wa kulalia nimeukumbatia tumboni.

Mtoto akabaki. Mavyaa alisimama mlangoni akasema mtoto hatoki kabla ya arobaini, kuna jicho, kuna upepo, na kule wodini kuna maradhi ya kila kabila. Nikaambiwa nitarudi jioni. Jioni nikawa niko kwenye dripu.

Asiyewahi kuachana na mtoto mchanga matiti yakiwa yamejaa hawezi kuelezwa. Yalikuwa magumu, ya moto, na kila mtoto wa jirani wa wodi akilia, yangu yalimwagika. Huyo mtoto niliyekosa la kumwambia sasa nilikuwa namsikia kila mahali. Sista akanifundisha kukamua kwa mkono, kidole gumba huku na vidole huku, kubonyeza ukirudi nyuma kuelekea kifua. Akanihakikishia pia kwamba dawa zangu hazizuii kunyonyesha. Nikamuuliza kama maziwa yanaweza kusafiri. Akasema kwa joto letu yakae nje saa nne na si zaidi, ila yakiwekwa kwenye barafu yanaweza kukaa hadi siku nzima.

Ndipo nilipobuni mradi wangu. Jamaa yangu wa Malindi akaleta chupa ya chai mpya, ikasuuzwa kwa maji yaliyochemka, maziwa yakatiwa kwenye kikopo chenye kifuniko, kikopo kikazungukwa na barafu ndani ya chupa. Ikakabidhiwa makanga wa matatu ya Garsen. Tulimwambia ni dawa ya mtoto, naye akaiweka karibu na dereva kwa heshima zote. Baba watoto alikuwa kazini mbali, akampigia mdogo wake simu akachukue mzigo steji.

Shemeji yangu ni kijana mwema, mwendesha boda. Ana kasoro moja tu: hasikilizi simu hadi mwisho. Alichosikia ni "chupa ya chai, ipeleke nyumbani." Akaipeleka. Mavyaa alikuwa ametoka kutafuta maji, mtoto amelala kwa dada wa nyumbani. Shemeji akafungua chupa, akakuta barafu inayoyeyuka na kikopo cha maziwa. Sasa mwelewe mtu huyu. Ng'ombe wamekufa, waliosalia wamehamishwa mbali kutafuta majani, watu wanakunywa chai ya rangi mwezi baada ya mwezi. Na hapa kuna maziwa, yametumwa kutoka Malindi na kaka yake mwenye kipato. Akapika chai.

Alieleza baadaye, kabla hajajua, kwamba ilikuwa tamu hata kabla ya sukari. Na kweli ndivyo: maziwa ya mama yana sukari zaidi kuliko ya ng'ombe. Mavyaa akaingia, akaona kikopo kitupu, akauliza. Majirani wanasema walisikia bakuli likivunjika, kisha pikipiki ikiwaka, na shemeji hakuonekana hadi keshoye.

Mtoto akaamka na njaa.

Hapa nimlete jirani yetu, mke wa Muorma anayeishi nyuma ya ua wetu wa makuti. Sisi ni Wapokomo. Mtu wa Garsen hahitaji kuelezwa zaidi, ila kwa wageni niseme kwamba kuanzia Agosti 2012 hadi Januari 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika delta hii, mashamba na malisho yakigombaniwa, na njia za mifugo za kwenda mtoni. Kwa muda mrefu baada ya hapo mavyaa hakununua maziwa ya wanawake wa Kiorma. Walipita na vibuyu vyao, naye akageuza uso. Kilichomrudisha ni jirani huyu, aliyehamia na tabia ya kutuma kitu juu ya ua kila Ijumaa. Alikuwa na binti wa miezi michache. Wangu alipozaliwa, mavyaa na yeye walikuwa wameshaposeana watoto kwa mzaha, mahari ikatajwa hadi rangi ya ndama. Binti mwenyewe atakuja kuolewa na amtakaye, lakini bibi wakianza mchezo huo nani atawanyamazisha?

Jirani alisikia kilio, akavumilia, akashindwa. Akapita kwenye upenyo wa ua, akakaa mkekani na kumchukua. Alikuwa amepoteza karibu ng'ombe wote wa nyumba yake, hana hata kikombe cha maziwa cha kuuza. Akamnyonyesha.

Baba watoto aliwasili usiku na kopo la maziwa ya unga alilonunua kwa bei ya mbuzi. Akalisoma kwenye mwanga wa simu na kukuta limeandikwa kwamba maziwa ya mama ndiyo bora. Sheria yetu ya 2012 kuhusu maziwa mbadala ndiyo inayotaka hivyo. "Sijawahi kununua kitu kinachoniambia nisikinunue," alisema. Na maji ya kukorogea yalikuwa ya mto, rangi ya chai. Akaliweka kopo kabatini, na leo lina kunde. Asubuhi mhudumu wa afya wa mtaa akaja, akasikia habari, akamwomba jirani kijitabu chake cha kliniki, akapitia vipimo, cha virusi vya UKIMWI kwanza, kwani navyo hupita katika maziwa. Akaridhika, akasema mama mwenye mtoto arudishwe haraka. Nairobi wana benki ya maziwa ya akina mama pale Pumwani tangu 2019, ya kwanza nchini, yanapimwa na kupashwa moto kwa utaratibu. Sisi benki yetu ilipita kwenye ua.

Niliporudi, nilimkuta mwanangu amenawiri, na wivu ukanikaba. Nilimweka titini akageuza uso, akanusa, akalia. Alikuwa anamtafuta yule mwingine. Jirani aliona, wala hakujifanya hajaona. Akaniambia, "Dada, kidonda kinakufanya umshike mbali. Anadhani humtaki." Akanipanga mito, akampitisha mtoto ubavuni pangu, miguu ikielekea mgongoni, kichwa kiganjani, asiguse tumbo. Akangoja mdomo ufunguke wazi kabisa, akamsukuma aingie na ule mduara mweusi, si ncha tu. Usiku alinifundisha kulala kwa ubavu. Alinielekeza bila kumgusa mtoto, na hilo nililiona.

Zile ndizo usiku tulizofahamiana mimi na wa Kisu. Nilimwimbia bembelezi ya Kipokomo niliyoimbiwa na nyanya yangu, ile ambayo wimbo wa taifa la Kenya ulichukua sauti yake 1963, kutoka kwa mzee wetu Meza Galana wa huku huku Tana. Ubaya ni kwamba wa Mafuriko alikuwa ameanza chekechea, ameshafundishwa adabu ya bendera. Kila nikianza kuimba, yeye aliruka kutoka usingizini akasimama wima, mikono ubavuni, macho yamefumba. Nikimaliza huanguka tena. Sikumkataza, ndiye mtu pekee nyumbani mle aliyekuwa akinitii.

Baada ya arobaini likaja suala ambalo kila mtu alikuwa akilizunguka. Mavyaa akamwita Maalim wa madrasa, akaandaa mkeka na halua, na baraza likakaa: yeye, jirani na mumewe, sisi, na shemeji karibu na mlango, tayari kukimbia.

Maalim akaeleza. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mtoto aliye chini ya miaka miwili akinyonya mara tano kwa mama asiyemzaa, anakuwa mwanawe wa ziwa. Watoto wa mama huyo ni ndugu zake, hawaoani. Kila mara ni mtoto ameshika na kuacha mwenyewe. Kuhamishwa titi hili kwenda lile hakuhesabiwi mara mbili. "Sasa, zilikuwa ngapi?"

"Nne," alisema mavyaa, haraka mno. Macho yake yalikuwa kwa yule ndama wa mahari.

"Sita," alisema jirani.

"Ya alfajiri ulimtoa wewe, hakuacha!"

"Aliacha, alikuwa anacheua."

Baba watoto akaulizwa, akasema alikuwa amelala. Dada wa nyumbani akasema yeye alihesabu vilio, hakuhesabu kunyonya. Wakaniangalia mimi, na mimi nilikuwa kitandani Malindi. Maalim akasema panapokuwa na shaka, asili ni kwamba udugu haujathibiti. Mavyaa akapumua.

Shemeji akajikohoza mlangoni. "Maalim, samahani. Na mimi je?"

Kikawa kimya. Maalim aliuliza na wewe vipi, na ikabidi aelezwe habari ya chupa, ya barafu, ya chai. Mzee wa watu alijitahidi. Alitazama juu, akashika ndevu, mabega yakaanza kumtetemeka. "Una miaka mingapi?" Akaambiwa. "Basi umechelewa zaidi ya miaka ishirini. Hata ungekunywa pipa, huyu ni shemeji yako, si mama yako." Mume wa jirani, mtu ambaye sijawahi kumsikia akicheka, aliinamisha uso kwenye kikoi chake na hakuuinua kwa muda mrefu.

Mtoto akaamka kwa zile kelele. Matiti yangu yakamsikia kabla yangu, kanga ikalowa. Nikanyoosha mikono, lakini jirani alikuwa karibu zaidi. Akamtazama mumewe, mumewe akaitika kwa kichwa. Akanitazama mimi. Ilikuwa zamu yangu kujibu, na nilichelewa kidogo, kisha nikasema, "Mpe."

Akajifunika mtandio, akampa. Sote tukakaa tukingoja aache mwenyewe. Alipoacha, jirani akamwambia mavyaa, "Haya, mama. Kwa hesabu yako wewe, sasa ni tano."

Mavyaa hakukaa sana na huzuni. "Maalim, na hawa kaka zake wawili, ambao hawakunyonya?"

"Hao hawahusiki. Ni watu baki."

"Basi binti ni wa huyu wa Kafyu," akasema, "na ndama ni yule yule," akaanza kugawa halua.

Dada wa nyumbani akauliza nani anataka chai. Shemeji akasema yeye anataka, lakini ya rangi.